Mpagazi wa Jua la Utosi

“Miguu hii haikuumbiwa kukimbia. Iliumbiwa kusimama, wakimbie wengine.”

Hivyo ndivyo alivyojigamba Bushiri mbele ya bibi wa mchumba wake, baba wa mchumba wake, mchumba mwenyewe, na masufuria mawili ya pilau. Msomaji, yafunge maneno hayo kwenye pindo la kanga. Tutayahitaji kabla safu hii haijaisha.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma: tulimwacha kijana wetu juu ya Jiwe la Mpagazi, kwenye ile bustani ya mapumziko nje ya mji, upande wa Kizota. Kapiga magoti kwenye kisima cha mwambani. Jua liko utosini. Chupa iko majini, inatoa mapovu. Hakuna mtu, hakuna ndege, hata kenge kajificha kivulini. Ndipo nyuma yake, karibu kabisa na sikio, sauti nzito yenye kuhema ikasema:

“Nitue.”

Dodoma nzima inaijua sauti hiyo. Zamani za misafara, mpagazi mmoja alifika kwenye kisima kile na pembe ya ndovu kichwani, akaomba atuliwe mzigo anywe maji. Wenzake kila mmoja alikuwa na kiu yake. Hakuna aliyemtua. Akafa kasimama, mzigo kichwani, na tangu hapo kila jua likifika utosini anaomba vilevile. Nawe ukimtua umekwisha. Mzigo unakuwa wako, yeye anaondoka zake anapiga mluzi.

Sasa unaelewa kwa nini Bi Waridi, bibi yake Shamila, yule mchumba, hakudai kitanda wala cherehani. Alidai chupa moja ya maji ya kisima kile, yachotwe jua likiwa utosini.

“Babu yangu alikuwa kirangozi,” alisema. “Alitangulia mbele ya msafara na bendera. Simtoi mjukuu wangu kwa mwoga.”

Maji yakija, Shamila ni wa Bushiri. Yasipokuja, yuko Swalihu, fundi wa Kizota, mwenye pikapu, miwani ya jua, na subira ya fisi.

Haya. Turudi juu ya jiwe.

“Nitue, mwanangu. Shingo inakatika.”

Mkono ukamwangukia Bushiri begani. Kisha likaja tone. Tone zito, la uvuguvugu, jekundu la kuelekea weusi, likadondoka juu ya kanzu nyeupe ambayo mama yake aliipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe.

Damu!

Bushiri alipata C ya fizikia kidato cha nne, na siku hiyo C ile ikafanya kazi. Kitu kilichotulia huendelea kutulia mpaka kisukumwe. Yeye alisukumwa. Hakugeuka, hakujibu, hakuaga. Alilishuka jiwe lile kwa namna ambayo mbuzi wangemwonea wivu, chupa mkononi, pindo la kanzu kaling’ata kwa meno ili magoti yapate nafasi.

Asikwambie mtu kwamba alikimbia. Miguu ilipata dharura, naye akaisindikiza.

Dharura ikaishia kwenye bomba la bustani, kifuani mwa Mzee Gerson.

Mzee Gerson ni mlinzi wa bustani ile tangu miti ikiwa vijiti. Mguu wake wa kushoto ni mbovu, hivyo analinda akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mbukwa, kijana. Unakimbia nini?”

“Shikamoo, mzee. Sikimbii.”

“Marahaba. Sasa hii inaitwaje?”

“Mazoezi.”

“Kanzu iko mdomoni?”

Bushiri akaitema kanzu. Akaitazama chupa. Ilikuwa ile ya plastiki ya maji ya dukani, ajabu mpya ya enzi hizi za ruksa ya kila biashara, ambapo mtu wa Dodoma anauziwa maji na kuambiwa hayo ndiyo maendeleo. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu njia nzima. Ndani hamkuwa na hata la kumlowesha sisimizi.

“Mzee Gerson, hilo bomba linatoa?”

“Leo linatoa. Kesho usiniulize.”

“Nijazie hapa.”

“Maji ya jiwe yako juu ya jiwe, mjukuu wangu. Haya ya bomba.”

“Maji ni maji, mzee.”

“Kama maji ni maji, hukuchota kule kwa nini?”

Bushiri akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Mzee Gerson akacheka kwa puani. “Nitakujazia. Ila si mnasema siku hizi ni biashara huria? Tangu asubuhi nasikia harufu ya pilau lenu. Pua imeshakula, mdomo unalalamika.”

“Sahani moja.”

“Yenye nyama.”

“Yenye nyama, mzee! Jaza!”

Maji yakamiminika. Mzee Gerson akamtazama begani. “Na huko juu hukupishana na mama mmoja ana—”

“Sitaki kusikia habari za huko juu!”

“Haya. Mimi mlinzi tu.”

Bushiri akatia ndani ya chupa kijivumbi kidogo na kijani kimoja cha mgunga, akaitikisa. Maji ya bomba yakazeeka miaka mia hapo hapo.

Chini ya turubai walikuwa wanamsubiri. Bi Waridi kakaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo mapajani. Mwanawe, Mzee Abdulnasiri, baba yake Shamila, anauza mitumba sokoni, na siku hiyo kavaa suti ya sufu ya Ulaya kwenye jua la Dodoma, kwa sababu ndiyo iliyotoka kwenye belo. Alikuwa anachuruzika kama mshumaa, lakini kapendeza. Shamila alikuwa anapanga sahani. Swalihu kaegemea pikapu yake, anachezea funguo.

“Yamekuja?” akauliza Bi Waridi.

“Yamekuja, bibi.” Akamkabidhi kwa mikono miwili.

Bibi akaiinua chupa juani. Kijani kikaelea. “Mh! Jani la mgunga. Ndiyo, pale kisimani pana mgunga.” Uso wake ukalainika. Mzee Abdulnasiri akatabasamu, akajipangusa shingo.

“Na hiyo damu?” Swalihu akavua miwani. “Hapo begani. Umechinja?”

Ndugu msomaji, hapa Bushiri angejibu “nimejikwaa” tu, angekuwa mume wa mtu kabla ya alasiri, na mhariri angenitafutia kazi nyingine. Lakini mdomo wa Bushiri haujawahi kupita kwenye mlango ulio wazi bila kuingia.

“Ya mpagazi,” akasema.

Sahani ikamponyoka Shamila.

“Umemwona?” Bi Waridi akainuka nusu.

“Nimwone? Bibi, tumezungumza! Mrefu kama nguzo ya simu. Pembe ya ndovu kichwani. Macho kama taa za lori la mizigo limepanda mlima. Akaniambia, ‘Nitue.’”

“Na wewe?”

“Nikamwuliza, ‘Unaomba au unaamrisha?’”

Mzee Abdulnasiri akajipiga paja. Vumbi la Ulaya likatoka kwenye suti.

Shamila akasogea kama anayemwondolea mchumba wake uzi begani. Akainama, akanusa lile doa. Nyuki wawili walikuwa wanalizunguka, wa tatu ameshakaa.

“Bushiri,” akanong’ona, “mzimu wako una sukari.”

“Nyamaza, mpenzi.”

“Mimi nimenyamaza. Hawa nyuki ndio wanaosema.”

Bushiri akawafukuza nyuki kwa mkono wa ushujaa na kuendelea. “Tukakabana! Yeye ananivuta huku, mimi namvuta kule. Mwisho nikaishika ile pembe kwa mikono yangu hii, nikaishusha chini, puu! Jiwe likatikisika. Hamkusikia hapa?”

“Nilisikia kitu,” akakiri Mzee Abdulnasiri, mtu mwema.

Lakini Bi Waridi alikuwa amenyooka kama msumari. “Umesema umeishusha?”

“Chini kabisa, bibi.”

“Yaani umemtua?”

Hata mfuniko wa sufuria ukaacha kucheza.

“Abdulnasiri, sogea mbali naye! Amemtua! Mzigo umeshahamia kwake! Mpagazi sasa ni huyu! Mnataka mjukuu wangu aolewe na mtu wa kuonekana saa sita ya mchana peke yake?”

“Mimi napatikana siku nzima, bibi,” akasema Swalihu kwa unyenyekevu.

Bushiri akaona nyumba inaungua na kibiriti kiko mfukoni mwake. “Bibi, hukunielewa! Sikumtua. Niliishika tu, kisha nikamrudishia kichwani. Nikamwambia, ‘Sikutui ng’o!’”

Alidhani amepona. Bi Waridi akakishika kifua.

“Mtu mzima, amesimama juani na mzigo kichwani, anakuomba umtue. Wewe unamjibu ‘ng’o’?”

“Bibi, si mzimu?”

“Mzimu hana shingo? Hata adui hutuliwa mzigo kwanza, vita baadaye! Kwetu hivyo, kwa Wagogo hivyo, kwa Wanyamwezi waliopita hapa hivyo. Yule alikufa kwa sababu ya watu wasio na adabu, na wewe umekwenda kuwaongezea idadi. Nani alikulea?”

Basi pima mwenyewe, msomaji. Akimtua, amelaaniwa. Asipomtua, hakulelewa. Swalihu alikuwa ameshatia funguo kwenye mlango wa pikapu, tayari kumpeleka Shamila mjini kwa heshima zote. Shamila alikuwa anamtazama Bushiri, na macho yale yalisema wazi: fanya kitu, mjinga wewe, mimi sitaki kunuka oili maisha yangu yote.

Mdomo uliomtia Bushiri shimoni ukateremsha kamba.

“Bibi, hamkuniacha nimalize. Nilimwalika.”

“Ulimwalika nani?”

“Mpagazi. Nilimwambia, ‘Mzee wangu, mzigo huo umekuwa mzito kwa sababu unamtafuta mtu mmoja. Leo tuna shughuli pale chini. Njoo ule, utuliwe na ukoo mzima. Mzigo ulioshikwa na mikono mingi haujui wa kumwandama.’”

Bi Waridi akaiweka fimbo chini.

“Hayo,” akasema, “hayo ndiyo maneno ambayo angeyasema babu yangu.” Akaipakata chupa kama mtoto mchanga. “Abdulnasiri, unangoja nini? Pokea posa ya watu. Tusome Fatiha.”

Swalihu akavaa miwani yake. Shamila akajificha kwenye ushungi, mabega yanacheka. Mzee Abdulnasiri akafungua viganja vyake vilivyolowa jasho la sufu, wote wakafungua, Bushiri akafungua vyake kwa upana wa mtu anayepokea dunia, na baba mtu akavuta pumzi ili aanze.

Nyuma ya turubai sauti nzito yenye kuhema ikasema:

“Hodi jamani... Nitueni!”

Unajua kuku wanavyofanya kivuli cha mwewe kikipita? Mzee Abdulnasiri, mtu wa heshima na kisukari, aliruka ubavu wa pikapu akatua nyuma na suti yake. Swalihu mwenye gari hakupata muda wa kulipanda, akaligeuza handaki, akaingia chini yake. Bi Waridi peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Nisingependa kumpunguzia sifa mzee wa watu, lakini kile kiti cha kukunja kilikuwa kimemkunja pamoja nacho.

Na Bushiri? Pindo la mbele la kanzu lilikuwa limeshaingia mdomoni. Tatizo ni pindo la nyuma. Lilikuwa mkononi mwa Shamila.

“Unakwenda wapi?” akamwuliza. “Si mgeni wako?”

Turubai likainuka. Kwanza likaingia tenga. Chini ya tenga akaingia mama mmoja mfupi, mnene kidogo, kitenge kiunoni, na maji mekundu ya kuelekea weusi yanamchuruzika kwenye paji la uso mpaka kidevuni.

Anyesi! Mzaliwa wa Mlali, mkulima wa mizabibu upande wa pili wa jiwe, anayejulikana na kila mpenda utamu pale sokoni.

“Mbukwenyi! Mbona mmetawanyika? Shikamoo, Bi Waridi. Zabibu ulizoagiza hizi hapa. Za chini zimepondeka kidogo, jua kali, na nimekatiza juu ya jiwe niwahi. Nitueni basi, jamani, shingo inakatika!”

“Shika upande huo,” Shamila akamwamuru mchumba wake.

Bushiri akashika. Kwa mara ya kwanza siku ile, kijana wetu akamtua mtu mzigo. Tenga likashuka, uso wa Anyesi ukabaki wazi, pua kwa pua na wa Bushiri.

“Wewe!”

“Shikamoo, mama,” akasema Bushiri haraka.

“Hiyo shikamoo ndiyo unanipa sasa? Bibi, mnamjua mtoto huyu? Nimemkuta kisimani kapiga magoti, nikamwomba anitue. Nikamwita mwanangu! Nikamwekea mkono begani nisije nikaanguka majini. Weee! Karuka kama sungura kasikia mbwa! Kanzu kaing’ata kwa meno, miguu nje, huyooo! Nikabaki peke yangu na tenga kichwani.”

Nyuki wa nne akafika begani kwa Bushiri. Hakuna aliyehitaji kumwuliza amefuata nini.

Kutoka nyuma ya pikapu kichwa cha Mzee Abdulnasiri kikachomoza polepole. Kikampima Anyesi kuanzia juu kwenda chini, safari fupi. “Kwa hiyo,” kikasema, “nguzo ya simu ndiyo hii?”

Chini ya gari Swalihu alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye ekzosi.

“Maji!” Bushiri akapiga kelele. “Bibi, sharti lilikuwa maji! Hukusema nisikimbie, ulisema nilete maji. Maji hayo hapo, umeyapakata!”

Bi Waridi akaitazama chupa. Ni mkali bibi yule, lakini haonei mtu. Akatafuna midomo, akapumua. “Kweli,” akasema. “Neno langu ni neno. Nilisema maji.”

Bushiri akafumba macho kwa shukrani. Alipoyafumbua, Mzee Gerson alikuwa anaingia anachechemea, sahani tupu mkononi, tabasamu la mtu aliyenawa kabisa.

“Mbukwenyi, wenye shughuli. Sitawachelewesha. Nimefuata pilau langu, lenye nyama. La yale maji ya bomba.”

Msomaji, mimi nimeshahudhuria misiba iliyochangamka kuliko pale.

Bi Waridi akafungua chupa. Akayamwaga maji chini, taratibu, yote, mpaka kile kijani kikabaki kimejilaza mchangani. Shamila akaliachia pindo la kanzu. Hilo la pindo ndilo lililomuuma Bushiri zaidi.

Swalihu alikuwa ameshatoa kichwa chini ya gari, anajipangusa oili, anatafuta maneno ya kuanzia, wakati Anyesi alipomgeukia mlinzi.

“Afadhali umekuja, Gerson, nikushukuru mbele za watu. Bila wewe ningekufa kule.”

“Bila mimi?”

“Si ulikuja ukanitua? Huyu alipokwisha kukimbia. Tenga lilinifunika macho, niliona mikono tu. Ukanitua kwa nyuma, nikanywa maji bila kugeuka, nikainamisha kichwa ukanitwika tena. Hukutaka hata kusalimia, ila mlinzi wa hapa si wewe peke yako? Ila upake mafuta, mzee. Mikono ile imekauka mno.”

Mzee Gerson akaitazama mikono yake. Ilikuwa imelowa, kwa kuwa alikuwa ametoka kunawa. Akautazama mguu wake wa kushoto.

“Anyesi,” akasema polepole, “mimi na mguu huu tangu mvua za mwaka juzi sijapanda jiwe lile.”

Hakuna aliyecheka. Mzee Abdulnasiri, aliyekuwa ametoa mguu mmoja nje ya pikapu, akaurudisha.

“Bushiri.” Bi Waridi alikuwa anazungumza kwa upole, na ukimsikia anazungumza kwa upole, tafuta mlango. “Ulisema umemwalika?”

“Bibi, yale yalikuwa maneno tu.”

“Mwalikwa hajui kwamba yalikuwa maneno. Shamila, ongeza sahani moja. Akija tutamtua sote, kama huyu alivyomwahidi, na huyu ndiye atakayetangulia kushika. Akishika, posa nimeipokea, maji ya bomba au ya mvua. Akikimbia, Swalihu, utawasha pikapu.”

“Bibi,” akasema Swalihu, ambaye kichwa chake kilikuwa kimerudi chini ya gari, “mimi najitoa.”

Bushiri akaitazama miguu yake, ile isiyoumbiwa kukimbia. Mmoja ulikuwa umeshaelekea Kizota.

Akageuka kumwomba Shamila amtetee. Lakini Shamila hakuwa anamtazama. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa turubai, sahani ya ziada mkononi, kiganja juu ya macho kukinga jua, anaangalia kule juu kwenye jiwe, kisha chini kidogo ya jiwe, kisha chini zaidi, kama mtu anayefuatilia kitu kinachoteremka bila haraka.

“Bushiri,” akasema, “umetudanganya damu, umetudanganya maji, umetudanganya vita.”

Akamnyooshea ile sahani bila kugeuka.

“Ila ule urefu wa nguzo ya simu, hapo hukudanganya.”